Asilimia 5 ya nikotini kwenye vepu ni kidogo?

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 21, nasoma chuo kikuu hapa Nairobi. Tangu mwaka jana navuta vepu (sigara ya kielektroniki) ya ladha ya embe, ile ya kutupa, mililita 10. Boksi limeandikwa nikotini 5%. Wenzangu hostelini wanasema hiyo ni kidogo, tena ni mvuke wa maji tu. Mbona basi nikiikosa darasani natapatapa, na usiku moyo unanienda mbio?

JIBU: Njema, mwanangu. Hiyo asilimia imewapumbaza wengi. 5% ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Zidisha kwa 10, unatembea na miligramu 500 mfukoni. Anayevuta sigara ya kawaida huingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2 kwa kila sigara. Kweli, si nikotini yote ya vepu inayofika kwenye damu. Lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 20 kwa mililita, na kifaa cha kutupa kisizidi mililita 2. Piga hesabu: miligramu 40 dhidi ya 500 zako.

Kwa kawaida, nikotini kali hivyo ingekukereketa koo ukaitupa. Ndiyo maana watengenezaji huichanganya na asidi, mara nyingi ya benzoiki, ili ipite laini. Embe ni la kukubembeleza tu.

Kutapatapa darasani ni arosto. Nikotini kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo mhadhara mrefu unatosha ubongo uanze kuidai. Ukivuta kitandani, inaamsha adrenalini, moyo unakwenda mbio na usingizi unakimbia. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, nenda hospitali upimwe moyo.

Na huo "mvuke wa maji"? Upulizie kioo cha dirisha kwa siku kadhaa, kisha upitishe kidole: utakuta utando unaoteleza kama mafuta. Ni matone ya propilini glaikoli na gliserini, vimiminika vinavyobeba nikotini.

Kuacha kunawezekana. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo ngumu zaidi, basi usianze wiki ya mtihani. Mwulize mfamasia kuhusu ubani wa kutafuna wenye nikotini, au piga 1192, namba isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ila usihamie sigara.