Santuri Zilizosahaulika: Anza na Majina ya Nyuma ya Jalada

Anayeanza kukusanya santuri karibu kila mara huniuliza aanze na muziki wa aina gani. Jibu langu huwaudhi wengi: usianze na aina, anza na majina. Geuza jalada, usome nani kapiga besi, nani kapanga ala, fundi sauti ni nani, ilirekodiwa studio ipi na mwaka gani. Picha ya mbele inakuonyesha kile ambacho kampuni ilitaka kuuza. Maandishi madogo ya nyuma yanakuonyesha walioifanya kazi, na wapiga ala wa kulipwa hawakuchagua muziki. Mtu aliyepiga ngoma kwenye jazz usiku, mchana alikuwa studio akirekodi injili, matangazo ya sabuni na nyimbo za watoto. Mfuate huyo kutoka santuri moja hadi nyingine, utajikuta umevuka mipaka kadhaa ya muziki bila kupanga, tena kwenye santuri ambazo hakuna anayezigombania.

Ndivyo rafu yangu ilivyokuja kuwa fujo niipendayo: kwaya za shule ziko jirani na muziki wa filamu, soul jirani na masomo ya lugha, disko ya lebo isiyojulikana jirani na ngoma zilizorekodiwa vijijini. Wageni hudhani sina msimamo. Huenda.

Jambo la pili ni kuachana na dhana kwamba muziki uliosahaulika ulistahili kusahaulika. Kwa kiasi kikubwa santuri hupotea kwa sababu za biashara, siasa au bahati. Sixto Rodriguez wa Detroit alitoa albamu mbili, 1970 na 1971, zikadoda Marekani, naye akarudi kwenye kazi za mikono. Kumbe Afrika Kusini alikuwa nyota mkubwa na yeye mwenyewe hajui. Vashti Bunyan alitoa albamu yake ya kwanza Uingereza mwaka 1970, ikauza kidogo sana, akaacha muziki. Ilipotolewa upya mwaka 2000 ndipo watu wakamtafuta. Frank Wilson alirekodi santuri moja kwa ajili ya lebo ya Motown mwaka 1965, kisha akabaki kwenye kazi ya utunzi na utayarishaji, na nakala karibu zote zikaharibiwa kabla hazijafika madukani. Zile chache zilizonusurika ni miongoni mwa santuri za soul zinazotafutwa kuliko zote duniani. Angalia hizo tatu: hakuna hata moja iliyozikwa kwa sababu mtu aliisikiliza kwa makini akaiona haifai.

Siasa na uchumi navyo vimezika mengi. Ethiopia, Amha Eshete alianzisha lebo yake mwaka 1969 na kurekodi waimbaji wa Addis Ababa wakati mji ulikuwa unachangamka usiku kucha. Mapinduzi ya 1974 yakaleta amri za kutotoka nje, na vilabu vikanyamaza. Dunia ilikuja kuusikia tena muziki huo kwa wingi kuanzia 1997, mfululizo wa Éthiopiques ulipoanza kutolewa Ufaransa. Zambia nako, bendi kama WITCH na Amanaz zilikuwa zikipiga gitaa zito lenye sauti iliyovurugwa makusudi, hadi kuporomoka kwa bei ya shaba katikati ya miaka ya 1970 kulipoikaba nchi nzima, na muziki haukusalimika.

Santuri za kale zaidi, zile za mizunguko 78 kwa dakika, ziliuawa hata na malighafi yake. Zilitengenezwa kwa sherlaki, utomvu wa wadudu ulioagizwa kutoka Asia, na vita vya pili vya dunia vilipoibana bidhaa hiyo, watu wa Marekani waliombwa warudishe santuri kuukuu zisagwe zitengenezwe mpya. Hatujui ni nyimbo gani zilisagwa. Ndiyo maana nikikutana na santuri ya sherlaki isiyo na ufa siulizi kwanza kama naupenda muziki wake. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Sauti yake ya enzi hizo tunayo kwa sababu kuna watu walioziweka sahani zile zinazovunjika kama vigae bila kujua kama zitakuja kuwa na thamani. Na usidhani kampuni zimehifadhi kanda za awali, zile za studio ambazo santuri zilinakiliwa kutoka kwake. Moto uliotokea mwaka 2008 kwenye maghala ya Universal huko Hollywood uliteketeza kanda nyingi za aina hiyo. Kwa rekodi kadhaa za lebo ndogo, santuri iliyoko mkononi mwako ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

Sasa, namna ya kuisoma santuri yenyewe. Watu husoma jalada na lebo wakaishia hapo, ilhali habari tamu iko kwenye ile sehemu tupu kati ya mwisho wa wimbo wa mwisho na karatasi ya lebo. Iinamishe santuri kwenye mwanga utaona namba zilizochongwa au kugongwa pale. Hizo ndizo namba za kukuambia ni chapa ipi uliyonayo, kwa kuwa jalada moja linaweza kubeba chapa kumi za miaka tofauti. Mafundi wengine waliacha alama zao pale. Rudy Van Gelder aligonga jina lake au herufi zake kwenye santuri za jazz alizozikata; George Peckham wa Uingereza aliandika "Porky". Santuri za Blue Note zilizochapwa kiwandani Plastylite hadi mwaka 1966 zina alama ndogo inayofanana na sikio. Ukijizoesha kuangalia hapo, utaona vitu ambavyo muuzaji mwenyewe hajaviona.

Kwenye jalada, tafuta kona iliyokatwa au tundu lililotobolewa. Wengine huliona kama kasoro, mimi hulifurahia. Kampuni ilipoamua kwamba albamu imeshindwa, ilitia alama hiyo kwenye nakala zilizobaki na kuziuza kwa bei ya kutupa, zisirudishwe tena kudaiwa pesa kamili. Kona iliyokatwa ni hukumu ya mhasibu, na mhasibu hakuwa akisikiliza.

Eneo ninalolipenda kupita yote ni muziki wa maktaba. Kampuni kama De Wolfe, iliyoanzishwa London mwaka 1909, na KPM, zilirekodi vipande vifupi vya kuuziwa watengenezaji wa filamu, redio na televisheni: kipande cha msako wa polisi, kipande cha kiwanda, kipande cha huzuni ya asubuhi. Santuri hizo hazikupelekwa madukani. Majalada yanafanana yote, maelezo ni mistari miwili mikavu, na ndani yake kuna wapiga ala wa daraja la juu waliopewa uhuru wa kujaribu chochote mradi kiishe ndani ya dakika tatu. Baadaye watayarishaji wa hip hop wakagundua hazina hiyo na bei zikapanda, ila bado kuna lebo za mataifa mengine ambazo hazijaguswa. Kwa mtu anayetaka kuvuka aina nyingi za muziki, sijaona mlango mzuri kuliko huo.

Hata hivyo nisikudanganye: adimu si sawa na nzuri. Santuri zilizochapwa kwa pesa za msanii mwenyewe, nakala mia chache za kugawia ndugu na waumini, nyingi ni za kuchosha. Mimi huzipima kwa wimbo wa pili wa upande B. Wimbo wa kwanza wa upande A ndio waliouandaa kwa ajili ya redio. Wa pili upande wa pili ni pale walipodhani hakuna anayewatazama. Kama hapo hakuna kitu, naiacha hata kama ipo nakala moja duniani. Kuna wakusanyaji watakaonipinga, na wana haki yao.

Kuhusu hali ya santuri, tumia taa kali na uitazame kwa pembeni. Mikwaruzo ya juu juu huonekana vibaya lakini huenda isisikike. Mkwaruzo unaouhisi kwa ukucha utausikia kila mzunguko. Mifuo inayopita sindano ikiwa imepauka na kuwa ya kijivu, ujue ilichezwa kwa sindano iliyokwisha, na hakuna maji wala dawa itakayorudisha sauti hiyo. Tazama pia vijistari kuzunguka tundu la katikati: vikiwa vingi, santuri imechezwa sana, vyovyote muuzaji atakavyosema. Ukinunua kwa mbali, daraja la VG ("Very Good", yaani nzuri sana) usilichukulie kama sifa. Kwa wauzaji wengi ni santuri yenye kelele utakazozisikia sehemu tulivu. Zile ndogo za mizunguko 45 za Marekani nazo ziangalie mara mbili, kwani baadhi zilimiminwa kwa plastiki aina ya stirini, inayolika haraka kuliko vinaili ya kawaida.

Matunzo hayana siri. Zisimamishe wima, zikiwa zimebanana kiasi cha kutopinda lakini zitoke kwa urahisi, mbali na jua. Zioshe kwa maji yaliyotokana na mvuke uliokusanywa na kupozwa, pamoja na tone la sabuni isiyo na manukato, ukifuata mzunguko wa mifuo. Santuri za sherlaki zisiguswe na alkoholi kabisa, kwa sababu inayeyusha sherlaki yenyewe. Zinahitaji pia sindano yake: ya santuri ndefu (LP) ina ncha ya mikroni 25 au chini ya hapo, ya mizunguko 78 ni kama mara tatu yake. Ukitumia ile ndogo, itaburuzika chini ya mfuo na kuokota uchafu badala ya muziki.

Kwa utafiti, Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya muziki wa elektroniki, sasa ndiyo kanzidata ya kwanza ninayoifungua. Linganisha namba zako na za kila chapa iliyoorodheshwa, kisha tazama bei ambazo santuri iliuzwa kweli, si bei ambazo watu wanaota. Usipoikuta humo kabisa, usirukeruke bado: huenda hakuna aliyeona haja ya kuiingiza.

Wewe iingize. Harry Smith, mkusanyaji wa Marekani, alichukua santuri zake mwenyewe za mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930, akachagua rekodi 84, na mwaka 1952 lebo ya Folkways ikazitoa kama mkusanyiko uliokuja kuwafundisha kizazi kizima cha waimbaji wa Marekani muziki ambao wazazi wao walikuwa wameuacha. Si lazima ufike huko. Hamisha sauti kwenye kompyuta kwa biti 24 na kilohezi 96, uhifadhi faili ghafi kabla ya kuondoa kelele, upige picha lebo zote mbili na zile namba zilizochongwa. Kuitoa hadharani ni suala jingine, maana haki bado ni za wenyewe au warithi wao, na kuwatafuta ni sehemu ya kazi. Majina ya wapiga ala yaandike jinsi yalivyoandikwa kwenye jalada, hata yakiwa na makosa ya herufi, kisha weka maelezo pembeni. Pale ambapo mpiga gitaa hajatajwa, acha wazi. Usibahatishe kwa kusikia mtindo wake, kwa sababu jina la kubahatisha likishaingia kwenye kanzidata hunakiliwa kila mahali, na miaka kumi baadaye mtu mwingine atakuja kulitumia kama ushahidi dhidi yako.