Barua ya Kudai Malipo ya Picha: Usikimbilie Kuomba Radhi

Barua yangu ya kwanza ya madai ilinikuta Jinja nikipanga safari ya wageni wanne kutoka Mwanza, na kosa lililonigharimu zaidi halikuwa picha yenyewe bali jibu nililolitoa. Wakala mmoja wa Ulaya alidai yuro 620 kwa ajili ya picha ya maporomoko ya Murchison iliyokuwa kwenye tovuti yangu ndogo ya utalii kwa miaka mitatu. Tovuti hiyo aliitengeneza mtoto wa kaka yangu, na nilipompigia simu alinijibu bila wasiwasi: "Shangazi, hiyo niliitoa Google, ni ya watu wote." Usiku huohuo niliandika baruapepe ndefu ya kuomba radhi, nikaeleza hata kwamba picha ile ilikuwa imetuletea wateja. Wiki moja baadaye sentensi hiyo ilinirudia katika barua ya pili, imenukuliwa neno kwa neno, kuwa ushahidi kwamba nilinufaika kibiashara.

Dai lenyewe lilikuwa na msingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda picha bila kumtaka mpigaji aisajili kwanza, na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, kwa hiyo mwenye picha kuwa mbali hakukukingi. Kiasi kinachodaiwa, hata hivyo, hujadiliwa. Ukiona barua inataja dola 150,000, jua kwamba hicho ni kiwango cha juu kabisa katika sheria ya Marekani kwa ukiukaji wa makusudi, tena kwa kawaida kwa kazi iliyosajiliwa huko kwa wakati.

Kabla ya kujibu, thibitisha kwamba aliyekuandikia yupo kweli. Tafuta mwenyewe simu ya ofisi yake badala ya kutumia ile iliyo kwenye barua, wala usibofye kiungo cha "kutazama ushahidi", kwa sababu matapeli hutumia madai ya namna hii kupenyeza virusi. Kisha hifadhi picha ya skrini ya ukurasa wako, pekua baruapepe za fundi wa tovuti uone kama kuna leseni au risiti, ndipo uiondoe picha. Hapa nilijikwaa tena: niliifuta kwenye ukurasa, lakini faili lilibaki ndani ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na yeyote mwenye anwani yake kamili aliweza kulifungua. Wakala alilifungua. Usijaribu pia kudai kwamba picha ilikaa siku mbili tu, kwani Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani, huenda ina nakala ya ukurasa wako wa zamani.

Jibu la kwanza liwe fupi. Sema kwamba umepokea barua, kwamba unaichunguza na picha imeondolewa bila wewe kukiri wajibu wowote, kisha uombe mambo matatu: uthibitisho wa nani aliipiga picha, hati inayompa wakala mamlaka ya kudai kwa niaba yake, na maelezo ya jinsi kiasi kile kilivyokokotolewa. Kunyamaza sikushauri, ingawa nawafahamu walionyamaza na hawakusikia tena neno. Wewe huwezi kujua barua yako ni ya aina gani. Ukiletewa hati ya mahakama, au kiasi kikiwa kikubwa kuliko mapato ya biashara yako ya miezi kadhaa, nenda kwa wakili siku hiyohiyo.

Mimi nilipoomba hesabu, nilijibiwa kwa orodha ya bei iliyopangwa kwa matangazo ya kampuni kubwa. Niliwatumia bei ambazo picha zinazofanana na ile huuzwa kwa tovuti ndogo, pamoja na idadi ya waliotembelea ukurasa wangu, nikapendekeza yuro 120. Tulikubaliana 190. Sikulipa mpaka nilipopata makubaliano ya maandishi yanayosema kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote ya matumizi yaliyopita ya picha hiyo, na kwamba mpiga picha mwenyewe anafungwa nayo, si wakala peke yake.

Jumamosi iliyofuata mimi na yule mtoto wa kaka yangu tulikagua folda nzima ya tovuti. Tulikuta picha 11 zisizojulikana zilikotoka, na mbili kati yake zilikuwa bado na jina la mpiga picha ndani ya jina la faili.