Mteja amesahau paswadi: nimfungulie au nimrudishe?

Wiki jana kijana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, aliyefungua meza ya simu karibu na feri, aliniandikia bila hata salamu: "Fundi, leo watu watatu wamekuja, wote wamesahau paswadi. Nimewarudisha wote. Mke wangu asema nafukuza riziki. Wewe hufanyaje?"

Nilikuwa Makadara na kikombe cha kahawa tungu mkononi. Nilikiweka chini. Swali hilo mimi nalijua kwao, na lina deni langu ndani yake ambalo sijalimaliza.

Jibu fupi nililompa ni kwamba mkewe amesema nusu ya kweli. Jibu refu ndilo hili hapa, na wewe mwenye meza yako Mwembe Tayari au Kongowea, au unayeazimia kuwa nayo, lisome hadi mwisho hata kama leo huna mteja wa paswadi. Atakuja.

Ufundi niliuanza 2012 kwenye ngazi ya jengo moja upande wa Barabara ya Digo. Miaka miwili ya kwanza naiacha, ilikuwa kufagia na kulehemu matundu ya chaji. Nilipokomaa, kazi iliyonipa jina ikawa kufungua. Kompyuta ya ofisi imefungwa na aliyekuwa karani amehamia Voi? Lete. Flashi yangu moja, dakika tano, shilingi 300, paswadi imefutwa. Simu imekataa? Tunaifleshi, inakuwa mpya kama imetoka dukani leo. Watu waliniita daktari, na mimi niliitika.

Sikuwa najiuliza simu inatoka wapi. Sasa nalisema wazi: sisi mafundi tulikuwa madobi wa wezi. Mwizi anachomoa simu kwenye matatu saa mbili, saa nne iko mezani kwetu inafuliwa, saa sita ina mnunuzi. Ndiyo maana Apple walileta kufuli la akaunti mwaka 2013, na Android nayo ikafuata na toleo la 5.1 mwaka 2015: hata ukiifuta simu yote, inapowaka inakuuliza akaunti ya mwenyewe. Mafundi tulilalamika kana kwamba tumeporwa shamba la urithi.

Sasa nifike ninakokuogopa.

Ilikuwa Ramadhani ya 2019, baada ya alasiri, wakati ambao fundi aliyefunga hana subira na kioo wala na mtu. Akaja mwanamume wa makamo, kanzu imepigwa pasi, salamu kamili mpaka wabarakatuh. Akatoa simu ya Android kwenye bahasha ya khaki. "Ami," akaniambia, na umri wetu ni mmoja, "hii ni ya marehemu mama. Ana siku kumi na mbili kaburini. Kuna sauti zake humu, ananisemesha. Nataka kuzisikia tu."

Mamangu mimi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ninazo sauti zake mbili. Moja ananiuliza kama nimekula.

Nilivua kava ili niione simu vizuri. Ndani ya kava mlikuwa na kipande cha karatasi ya daftari, kimekunjwa mara nne. Nikakikunjua. Majina kumi na saba ya wanawake, mbele ya kila jina alama ya vema au mstari, na juu kumeandikwa kwa kalamu ya buluu "Mei". Mei ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye siku kumi na mbili kaburini alikuwa ametia alama ya vema mbele ya jina la mtu, na karibu na alama hiyo akaandika "jana".

Niliiona. Naapa niliiona, nikaikunja nikairudisha.

Simu ilikuwa na pateni, ile ya vidoti tisa. Pateni zinazowezekana kwenye vidoti tisa ni 389,112. Mimi nilihitaji kujaribu mara mbili. Niliishika simu chini ya taa ya tyubu, nikailaza upande, na njia ya kidole ikajitokeza kwenye kioo kama alama ya konokono, mafuta matupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikwisha kuandika habari za alama hizo mwaka 2010, lakini mimi sikuwa nimesoma. Nilijivunia kama nimevumbua. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini mafuta yalikuwa mengi vile. Mwenyewe alikuwa akikaanga sambusa za futari za kuuza.

Alikuwa hai, tena anakaanga sambusa.

Yule bwana alitoa shilingi 500. Nikazikataa. Nikamwambia amuombee mama yake na wangu. Katika yote yaliyotokea, hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilidhani nimetoa sadaka.

Siku ya tatu akaja dada mmoja na kaka yake. Hakupiga kelele, na ningependa angalipiga. Mwanamume yule alikuwa mumewe waliyeachana, alikuja nyumbani kuona watoto akaondoka na simu. Dada yule alikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake cha kuchangishana pesa, na pini yake ya pesa za simu alikuwa ameihifadhi kama jina kwenye orodha ya namba: "Shangazi Pini". Hufikirii kwamba mtu atalitazama jina kama hilo, lakini mtu aliyelala nawe miaka tisa anajua huna shangazi wa jina hilo. Shilingi 41,500 za wanawake kumi na saba zilitolewa kwa ajenti usiku uleule.

Nilikaa kwenye benchi la kituo cha polisi kwa muda wa saa nne. Afisa hakunitukana, alinieleza tu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inasema kuingia kwenye mashine ya mtu bila idhini kunaweza kukupa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Nikasema sikujua. Akaniuliza, "Ulikuwa hujui kwamba si yako?" Wazee wakaingilia, yakaisha nje. Nililipa nusu ya zile pesa kwa miezi mitano. Yule mume sijui alikoishia, na wa meza ya jirani yangu aliendelea kunisalimu "daktari" kwa kicheko ambacho nakisikia mpaka sasa.

Basi nikafanya kama huyu kijana wa Likoni. Nikabandika karatasi ukutani: HATUFUNGUI SIMU ILIYOSAHAULIWA PASWADI, USIULIZE. Nilijiona nimetubu.

Miezi minane baadaye bibi mmoja wa Mtongwe akaja na simu ambayo mjukuu aliichezea hadi ikajifunga. Nikamwonyesha karatasi. Hajui kusoma. Nikamsomea. Akanishukuru, wallahi akanishukuru, akaenda meza ya jirani. Jirani akaifleshi kwa shilingi 400 na picha za mumewe zikaondoka zote. Akaunti ilikuwa mle ndani, na namba ya simu iliyosajiliwa alikuwa nayo mkononi. Kwa njia halali, robo saa, picha zilizohifadhiwa kwenye akaunti zingalirudi hata kwenye simu nyingine. Karatasi yangu ilinilinda mimi tu.

Kwa hivyo nawaambia wanaosema maswali ya paswadi yasijibiwe kabisa: mwizi haumii. Mwizi ana fundi wake. Anayeumia ni bibi wa Mtongwe, na baharia aliyekaa miezi tisa majini akasahau pini, na dada aliyekwenda Ghuba kufanya kazi akarudi laini yake ishauzwa kwa mtu mwingine kwa sababu haikutumika. Na wale wanaojibu kila kitu kama nilivyokuwa mimi, wameniona nilipoishia.

Ninachofanya sasa ni kimoja. Namwonyesha mteja mlango wa kampuni yenyewe, nakaa pembeni, yeye ndiye anayebisha. Simu iwe mkononi mwake. Mimi simbonyezei. Akaunti ikimuuliza swali, ajibu yeye. Ikimwambia asubiri siku tatu, asubiri siku tatu. Mimi si kadhi wa kuamua hii simu ni ya nani, na nilipojipa ukadhi nilidanganywa na kanzu iliyopigwa pasi. Simu iwe mkononi mwake. Nalirudia hilo kwa sababu vijana wangu dukani hulisahau mteja akiwa mzuri.

Usijidanganye pia kwamba utamhoji ukamjua. Mwaka 2008 kule Marekani mwanafunzi mmoja aliingia kwenye barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa anagombea umakamu wa rais, kwa kujibu maswali ya usalama tu: tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta, na alipokutana na mumewe. Alihukumiwa mwaka mmoja na siku moja. Sasa lete maswali hayo Kibokoni! Jina la mama kabla ya kuolewa, mtaa mzima unalijua na unajua alitolewa mahari gani. Namba ya kitambulisho? Imo kwenye daftari la kila askari wa geti uliyepita mlangoni kwake. Mtu akikutajia hayo hajakuthibitishia kitu.

Kuna na wale wanaokuambia, "Sitaki mpya, nitolee ileile ya zamani." Waeleze kwa jiko. Kampuni inayojiheshimu haihifadhi paswadi yako, inahifadhi kilichotoka baada ya kuikuna na kuikamua. Ukileta nazi ileile watakamua tena walinganishe tui. Lakini tui halirudi kuwa nazi, hata kwao wenyewe. Anayekuambia atakutolea ile ya zamani kwa shilingi 2,000 anataka 2,000. Na kompyuta za siku hizi zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, zinataka ufunguo wa tarakimu 48, ile flashi yangu ya dakika tano sasa naitumia kuwekea kaswida.

Na marehemu? Hilo nimelisoma kwa uchungu. Google wana njia ya jamaa wa aliyefariki kuomba, wanataka cheti cha kifo na kitambulisho cha muombaji, na tangu 2013 mtu akiwa hai anaweza kupanga nani apewe vitu vyake akaunti ikinyamaza. Apple nao tangu mwisho wa 2021 wana mrithi unayemtaja mwenyewe. Mwaka ule wa 2019 ningalijua neno moja tu, "Kalete cheti cha kifo, ami," yule bwana angaliokota bahasha yake akaenda zake, na mimi ningaliswali magharibi nikiwa mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilimsaidia dada aliyerudi kutoka Saudia. Namba aliyosajilia akaunti inajibiwa na mwanamume wa Nakuru. Nilimwambia asijaribu kwenye kompyuta yangu, aende kwa mamake Kisauni achukue ile simu yake ya zamani yenye ufa, aiwashe palepale nyumbani alipokuwa akiitumia, kwa sababu Google huangalia kifaa na mahali walipokuzoea. Akajaribu, akakataliwa, akarudi ananilaumu. Nikamwambia rudi tena na ile paswadi ya mwisho unayoikumbuka. Siku ya sita akanipigia anacheka na kulia. Sikugusa chochote kwenye simu hiyo, na ninajisifu kwa kazi hiyo kuliko kompyuta zote nilizozifungua kwa flashi. Nilimtoza 300 za muda wangu. Toza, kijana wa Likoni. Mwambie mkeo riziki imo kwenye kuelekeza.

Nanyi wenye simu, pangusa kioo chako. Wala usiifiche pini kwenye majina, wala kwa Shangazi wala kwa Fundi Bomba. Kaa na mwanao mmoja unayemwamini mpange leo, mngali mnaongea.

Yule dada wa sambusa hupita upande wa pili wa barabara. Miaka yote hiyo akifika kwenye duka langu huvuka, akishapita hurudi upande huu. Jumamosi binti yake aliingia na simu, kioo kimevunjika. Alisimama mlangoni kwanza.

"Mama amesema ubadilishe kioo, na simu iwe imezimwa."

Nikamvutia kiti cha plastiki karibu kabisa na meza, akaketi mikono juu ya magoti, macho kwenye vidole vyangu kuanzia skrubu ya kwanza. Nikamwambia bei ni shilingi 2,800. Hakuomba nimpunguzie. Ilipokuwa tayari nikamsukumia aiwashe mwenyewe, nami nikageukia ukuta mpaka aliposema, "Imewaka."