Ulipimwa damu au kinyesi? Jibu langu kwa dada wa Kasarani mwenye echi-pailori ya mara ya tatu

Pole sana dada. Nimesoma swali lako mara mbili nisije nikakujibu kando. Umedungwa kidole kwa kemisti, ukaambiwa una echi-pailori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, na hii ni mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu. Dozi mbili umeshameza, sasa unauziwa ya tatu. Unauliza kama huyu mdudu hafi, kama watoto nao wapimwe, na kama maji ya kabeji anayokupa mumeo yanasaidia. Kabla hujatoa pesa mfukoni, niambie: vipimo vyote vitatu vilikuwa vya damu? Kama ni hivyo, soma mpaka chini.

Mimi si daktari. Nauza viatu vya mitumba soko la Gikomba, Nairobi, na hili tumbo limenifundisha zaidi ya nilivyotaka kujua. Maumivu yangu yalikuwa na saa yake: saa nane usiku, hapa juu ya kitovu, kama mtu ameniwekea kaa la moto na kulikandamiza kwa kidole gumba. Nikila kipande cha mkate yanatulia, baadaye yanarudi. Saa kumi alfajiri niko stendi, strungi tupu tumboni, belo mgongoni.

Nilifanya kama ulivyofanya. Kemisti wa mtaani alinidunga kidole, kikaratasi kikatoa mistari miwili, nikauziwa dozi ya siku kumi na nne: ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili. Siku ya tatu mdomo ulikuwa na ladha ya chuma, kana kwamba nimelamba sarafu ya shilingi kumi. Siku ya sita maumivu yakaisha. Nikajiona nimepona, vidonge vilivyobaki nikampa jirani ambaye naye alikuwa analalamika tumbo. Nikikumbuka naona haya. Miezi miwili baadaye yule wa saa nane usiku alirudi, nami nikarudi kwa kemisti, nikauziwa dawa zilezile. Safari hii nilizimaliza zote. Hazikufua dafu.

Sababu niliielezwa baadaye na daktari mmoja mama wa makamo, katika kliniki ya serikali nilikopanga foleni tangu asubuhi. Alisema ukimpiga bakteria kwa antibayotiki halafu ukamwachia njiani, wanaobaki ni wale waliovumilia, na ndio wanaozaana. Dozi ya pili yenye dawa zilezile inakuta wenyeji waliokwisha kuizoea. Tena kuna wanaokuja na usugu tangu mwanzo, maana antibayotiki iitwayo metronidazoli tumeimeza sana huku kwetu kwa kila tumbo la kuhara.

Halafu akaniuliza hilo swali nililokuuliza. Nikamwambia damu, mara zote. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Kipimo cha damu, alisema, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako uliwatengeneza kupigana naye. Bakteria akishakufa, hao askari hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka. Ni kama daftari la mlinzi wa geti: mpangaji alihama zamani lakini jina lake bado limo. Kwa hiyo dada, mistari yako miwili inasema huyu mtu aliwahi kuishi hapa. Kama bado yumo ndani, haisemi.

Vipimo vinavyomtafuta mwenyewe ni cha antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe, kwenye kinyesi, na cha pumzi. Cha tatu ni kuingizwa kamera na kukatwa kinyama kidogo cha tumbo. Cha kinyesi ndicho rahisi kukipata. Lakini kina masharti, na hapa ndipo wengi tunapotegwa: uwe umeacha dawa za kupunguza asidi, yaani omeprazoli na ndugu zake, kwa wiki mbili, na antibayotiki kwa wiki nne. Ukiwa bado unazimeza, bakteria hupungua na kujificha, kipimo kinasema hayupo, unakwenda nyumbani ukishangilia. Hizo wiki mbili bila omeprazoli zilinitoa jasho. Niliruhusiwa dawa ya maji ya kutuliza asidi, nikawa natembea na chupa kama mtoto.

Majibu yangu yalitoka: yumo. Nikapewa mpango mwingine wa dawa nne kwa siku kumi na nne, ukiwa na bismathi na tetrasaiklini. Hakuna aliyeniambia kwamba bismathi hugeuza kinyesi na ulimi kuwa vyeusi. Siku ya pili nikaangalia chooni nikaona weusi kama lami, na mimi nimesoma kila mahali kwamba kinyesi cheusi ni damu ya kidonda. Nilipanda matatu hadi kliniki miguu ikinitetemeka. Daktari akaangalia ulimi wangu, akaniambia rudi nyumbani umalize dawa. Ila wewe ambaye humezi bismathi wala vidonge vya madini ya chuma, ukiona weusi huo usisubiri kujibiwa mtandaoni, nenda hospitali leo. Vivyo hivyo ukitapika damu, ukikonda bila sababu, au chakula kikianza kukwama unapomeza.

Wiki nne baada ya kumaliza nilipimwa tena kinyesi. Hayupo. Hicho kipimo cha kuthibitisha ndicho ambacho hakuna kemisti aliyewahi kunitajia.

Sasa sikiliza kilichofuata. Karibu mwaka mmoja baadaye tumbo lilianza tena. Nikapita kwa kemisti mwingine, nikadungwa, mistari miwili! Ningekuwa yule wa zamani ningenunua dozi ya nne. Nikaenda kupima kinyesi: hayupo. Kumbe mgongo wa kubeba mabelo ulikuwa unaniuma na nilikuwa nameza diklofenaki kama njugu. Hizo dawa za maumivu, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huondoa kinga ya ukuta wa tumbo na kuleta vidonda bila bakteria yeyote. Kwa hiyo dada jichunguze: unameza nini ukiumwa na kichwa au hedhi?

Kuhusu kufa: anakufa, ila ni mjanja. Amejipinda kama skrubu na ana mikia ya kuogelea, anatoboa ule ute unaofunika ukuta wa tumbo na kukaa chini yake. Ana kimeng'enya kinachogeuza yurea kuwa amonia, na amonia inavunja makali ya asidi pale alipo. Ndiyo maana anaishi mahali ambapo madaktari waliamini hakuna kinachoishi. Zamani vidonda vilisingiziwa mawazo na pilipili, mpaka daktari Robin Warren alipowaona bakteria hawa kwa darubini mjini Perth, Australia, mwaka 1979. Yeye na daktari mwenzake Barry Marshall walishindwa kuwaotesha maabara hadi Pasaka ya 1982, sahani za kuoteshea zilipoachwa siku za sikukuu nzima badala ya kutupwa mapema. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaanza kutapika na ukuta wa ndani wa tumbo ukavimba. Walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Mimi nikiambiwa ninywe kikombe hicho hata kwa Nobeli mbili nakataa.

Tena hayuko peke yake mle ndani. Utafiti wa 2006 uliochunguza matumbo ya watu 23 ulikuta aina 128 za bakteria, wakiwamo ndugu wa hawa wa mdomoni tunaowameza na mate kila siku. Asidi ndiyo askari anayewazuia. Ukimeza omeprazoli mwaka mzima bila kuambiwa na daktari, kama nilivyofanya, geti linalegea na wageni wa mdomoni wanaongezeka. Na kila dozi ya antibayotiki isiyo ya lazima inawafagia wema na wabaya, hadi huko matumboni chini. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukwambia usimeze dozi ya tatu kwa karatasi ya damu.

Watoto: wasioumwa waache. Karibu nusu ya watu duniani wanaye na wengi hawaumwi kamwe, na madaktari wa watoto hawashauri kupima mtoto mzima wa afya. Wengi tulimpata utotoni kwa watu wa nyumbani, kupitia mate, matapishi na mikono isiyooshwa baada ya choo, kwa hiyo acha kumtafunia mdogo chakula. Ila kama mamako au nduguyo aliwahi kupata saratani ya tumbo, mwambie daktari, kwa sababu tangu 1994 bakteria huyu yumo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vinavyosababisha saratani.

Maji ya kabeji ya mumeo hayatakudhuru, wala hayatamuua bakteria. Maziwa yanatuliza kidogo halafu asidi inapanda. Na ukiwa kwenye metronidazoli, pombe sahau.

Jambo la mwisho ni kijikopo. Peleka maabara sampuli ya siku hiyohiyo. Ikibidi kulala nayo, weka kwenye friji, lakini andika juu yake ni nini. Mimi niliifunga vizuri kwa gazeti nikaisukuma nyuma ya maziwa mala, na mama watoto akadhani nimemfichia nyama.