Kinanda Kinachokataa: Chumvi Kwanza, Spea Baadaye

Kinanda cha umeme kikikataa hapa Visiwani, neno la kwanza husikika "kimeungua". Mara nyingi hakijaungua chochote. Kilichoingia ndani ni hewa ya bahari. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevunyevu ukipita takriban asilimia 75, na wakati wa masika kiwango hicho hupitwa siku nenda siku rudi. Chembe iliyokuwa kavu adhuhuri huwa tone usiku, na tone hilo likikaa juu ya shaba ya bodi, ile sahani ya saketi iliyo ndani, huanza kuila taratibu. Kwa hiyo kabla ya kuagiza bodi mpya kutoka Dar es Salaam au Dubai, kinanda kisafishwe. Na kabla ya kusafishwa, kipimwe bila kufunguliwa.

Anza kwa kupiga demo, wimbo wa mfano uliohifadhiwa ndani ya kinanda. Demo ikitoa sauti na vibonyezo vikawa kimya vyote, angalia kwenye menyu, upande wa MIDI (mawasiliano ya kinanda na vyombo vingine), kipengele kinachoitwa Local. Kikiwa Off, vibonyezo vimetenganishwa na mtambo wa sauti. Rudisha On, umemaliza. Demo ikiwa kimya pia, chomeka hedifoni. Sauti ikisikika humo lakini spika zimekufa, mshukiwa ni tundu la hedifoni lenyewe: ndani yake mna swichi ndogo inayozima spika plagi inapoingia, na ikishika kutu hubaki inaamini plagi bado imo. Puliza kidogo spirei ya kusafishia kontakti, kisha ingiza na kutoa plagi mara ishirini hivi. Dawa hiyo hiyo hutibu kitasa cha sauti kinachokwaruza: puliza, zungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Mafuta ya kulainishia bawaba za milango hayafai humo, hunasa vumbi na baada ya wiki chache mkwaruzo hurudi.

Kuna "ubovu" mwingine ambao kwetu ni wa kila wiki, kwa sababu ya taarabu. Mtu anaazima kinanda, anagusa Do inatoka sawa, anagusa Mi inatoka kama imechoka. Hakuna kilichoharibika. Aliyekitumia kabla yake alishusha Mi na Si kwa senti 50, robo ya toni, ili apige rasti, ngazi ya sauti ya Kiarabu, kuanzia Do, kama kanuni (ala ya nyuzi inayolazwa) na fidla zinavyoipiga katika vikundi vya kale mfano wa Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza mwaka 1905. Kwa bayati, ngazi nyingine inayoanzia Re, hushushwa Mi. Ingia kwenye Scale Tuning, menyu ya kupanga sauti ya kila noti, rudisha kila noti kwenye 0. Ikiwa kinanda chote kimepanda au kushuka kwa pamoja, tazama Transpose na Tuning. Kipimo cha kawaida ni A (yaani La) kwa hezi 440. Ukipotea kabisa, kwenye Yamaha nyingi za PSR-E kizime, shikilia kibonyezo cheupe cha mwisho kulia, kisha washa: mipangilio inarudi ya kiwandani. Hifadhi kwanza ulichokitunga.

Kisichowaka kabisa ni suala la adapta hadi ithibitike vinginevyo. Soma maandishi yaliyo karibu na tundu la umeme: volti, miliampea, na mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati au nje. Casio za zamani zinazotumia adapta ya AD-5 hutaka volti 9, hasi katikati. Yamaha nyingi ndogo hutaka volti 12, chanya katikati. Plagi ya moja huweza kuingia kwenye nyingine bila ubishi wowote, na hapo ndipo kinanda kizima kinapogeuka kibovu. Ampea zikizidi zile zilizoandikwa hakuna tatizo, kinanda huchukua kinachohitaji. Zikipungua, kitajizima kila unapopandisha sauti. Pima kwa mita ya umeme ukiiweka kwenye volti 20 za DC. Adapta nzito ya transfoma isiyo na mzigo husoma juu, kwa hiyo ya volti 9 ikionyesha 12 si mbovu.

Adapta ikiwa nzima, washa kinanda huku ukitikisa plagi polepole. Kikiwaka na kuzima, risasi ya kulehemu kwenye miguu ya tundu imepasuka. Iyeyushe upya kwa pasi ya kulehemu ya wati 30 hadi 40, ongeza risasi kidogo, usikae juu ya mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu. Betri zilizovuja husafishwa kwa kutegemea aina yake: alkalini huacha unga mweupe wa magadi, nao hukatwa kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu, zile za bei ndogo za zinki na kaboni huacha asidi, na ndimu hapo haisaidii, tumia unga wa magadi uliokorogwa na maji kidogo. Zote mbili umalizie kwa maji safi na kukausha.

Sasa vibonyezo vilivyokufa, maana hili ndilo linaloleta vinanda vingi kwa fundi. Andika vipi vimekufa kabla hujashika bisibisi. Vibonyezo 61 havina nyaya 61. Vimepangwa kwa safu na mistari, na kila waya huhudumia kadhaa. Vikifa kwa mpango, kila cha nane kwa mfano, au kundi zima lililofuatana, tatizo ni waya bapa uliolegea au mstari uliokatika kwenye bodi. Chomoa waya huo, safisha ncha, urudishe. Vikifa ovyo ovyo, kimoja hapa na viwili kule, ni mipira.

Chini ya kila kibonyezo mna mpira wenye vidonge viwili vyeusi vya kaboni, isipokuwa kwenye vinanda visivyojali nguvu ya kidole, ambavyo vina kimoja. Kimoja hugusa bodi mapema kidogo kuliko kingine, na kinanda hupima muda uliopita kati ya viwili hivyo kujua umegusa kwa nguvu gani. Kimoja kikichafuka, noti hukaa kimya, au hupiga kelele ya mwisho hata ukigusa kama unapapasa mtoto. Dalili hiyo ya pili watu huidhani ni spika.

Kufungua: toa adapta na betri, laza kinanda kifudifudi juu ya taulo. Skrubu huwa nyingi na urefu wake haulingani. Chora umbo la kinanda kwenye boksi na uchomeke kila skrubu mahali pake, kwani ndefu ikirudishwa penye fupi hutokezea upande wa pili. Inua kifuniko taratibu, nyaya za spika ni fupi. Vinanda vya bei ndogo vina vibonyezo vyeupe vilivyoungana kwa seti, hivyo usilazimishe kung'oa kimoja peke yake. Ukifika kwenye mipira, iandike namba na mwelekeo, kisha ing'oe kwa kuvuta vipini vyake.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Huchukua spiriti, hufuta, huona kumeng'aa, hufunga. Baada ya mwezi kinanda kimerudi. Spiriti huondoa mafuta ya vidole, lakini chumvi haiyeyuki vizuri ndani yake, husukumwa tu kutoka hapa kwenda pale. Chumvi huyeyuka kwa maji. Chukua maji safi ya kuongezea betri ya gari (si asidi), lowesha pamba ya masikioni iwe nyevu tu, pitisha juu ya kaboni ya bodi bila kukwangua, badilisha pamba kila vibonyezo vitatu au vinne. Kisha ndipo ipite spiriti ya asilimia 90 au zaidi, ambayo mafundi simu huwa nayo, ili ifukuze maji. Hujui ubora wake? Dondosha tone juu ya kioo. Likikauka na kuacha doa, litaacha doa kwenye bodi pia. Vidonge vya mpira vifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Spiriti nyingi huibandua kaboni yake. Feni nusu saa, basi.

Wakati wa kurudisha, kila kipini kikae hadi mwisho kwa kusukumwa na kijiti butu. Mpira uliokaa upande hufanya noti ijipige yenyewe.

Shaba ikiwa imeshakuwa kijani na imekatika, pima kwa mita na uunge kwa waya mwembamba pale penye shaba tu, kwani kaboni haishiki risasi. Vidonge vikiwa vimelika, penseli laini ya 6B itakuvusha harusi moja. Karatasi ya fedha ya sigara iliyogandishwa kwa gundi ni balaa, hubanduka na kulala juu ya bodi. Agiza mipira kwa namba ya modeli: kinanda cha 61 mara nyingi huchukua vipande vinne vya noti 12 na kimoja cha 13.

Pedali inayofanya kazi kinyume, sauti ikivuta mguu ukiwa juu, haihitaji bisibisi. Ulikuwa umeikanyaga wakati wa kuwasha, au ni pedali ya chapa nyingine. Zima, ondoa mguu, washa tena.

Ukifungua na kukuta sisimizi wamehamia au mjusi amekaukia juu ya bodi, usishangae. Ndani mna joto na giza. Ziba matundu yasiyotumika kwa vizibo, weka vipakiti vya silika ndani ya begi la kinanda na uvibadilishe vikishashiba unyevu. Kifunike kwa kanga. Nailoni iliyobana juu ya kinanda ambacho bado kina joto hufungia jasho humo humo hadi asubuhi.