Maswali yenu: miguu inayowaka moto, mgongo unaowasha na mkanda wa jeshi

Maswali mengi ya safari hii yanahusu neva, yaani mishipa ya fahamu: ganzi, kuchomwachomwa, kuwaka moto, kuwashwa kusikoisha. Nimechagua machache. Karibu wote walioniandikia wamekwishapewa dawa, tena zaidi ya mara moja, na karibu wote hakuna aliyewavua viatu wala kuwagusa ngozi kabla ya kuwapa.

Dokta, nyayo zinawaka moto usiku, silali. Nimechoma sindano za vitamini na za diklofenaki, hakuna nafuu. Naomba jina la dawa. (Msomaji, Morogoro)

Jina la dawa sikupi. Hujasema umri wako, hujasema kama una sukari, kama unakunywa pombe, wala dawa nyingine unazotumia. Swali hili hunijia kila mara likiwa limekatwa hivi hivi, na kila mara nitauliza mambo hayo kwanza, kwa sababu dawa iko ndani ya majibu yake.

Moto unaoanzia vidoleni, miguu yote miwili, ukapanda taratibu kama mtu anavaa soksi, ni dalili kwamba neva ndefu zimeathirika. Cha kwanza kutafuta ni kisukari. Wapo wanaogundulika kuwa na sukari siku waliyokwenda kulalamikia nyayo. Ukishapima sukari, pima VVU kama hujui hali yako, pima figo, na useme ukweli kuhusu pombe. Kama umetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka, au vidonge vya asidi ya tumbo kama omeprazo kwa muda mrefu, au huli kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, uliza kuhusu upungufu wa vitamini B12.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine kubwa. Unafumba macho, daktari anakugusa kwa pamba kuanzia kidole gumba kwenda juu nawe unasema unapoanza kuhisi. Anarudia kwa ncha ya kijiti, kwa kitu cha baridi, kwa uma wa sauti unaotetemeka juu ya mfupa wa kidole gumba, na kwa ule uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Dakika chache tu, na anajua neva zipi zimekufa ganzi na hadi wapi. Kipimo cha umeme wa neva kinaweza kutoka safi kabisa ilhali neva nyembamba, zinazobeba maumivu na muwasho, zimeumia. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba huna kitu kwa sababu karatasi imetoka safi.

Sasa kuhusu sindano zako. Diklofenaki haitibu maumivu ya neva. Inachofanya, hasa kwa mwenye sukari au presha, ni kuumiza figo. Sindano za vitamini B humsaidia aliyepungukiwa, basi. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva, kwa hiyo mtu anaweza kujichoma akitafuta nafuu na huku anaongeza ugonjwa. Tena sindano ya tako ikichomwa mahali pasipo pake inaweza kujeruhi neva kubwa inayoshuka mguuni. Nimewaona watu walioingia duka la dawa wakitembea na wakatoka na mguu unaoburuta. Acheni kuchomwa sindano dukani.

Hadi utakapoonwa, kagua nyayo kila jioni, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usitembee peku, na maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Mguu wenye ganzi huungua bila wewe kujua.

Je, naweza kupaka mafuta ya taa kwenye nyayo?

Hapana.

Nina sehemu moja mgongoni, chini ya bega la kushoto, inawasha mwaka wa pili sasa. Hakuna upele, ila ngozi imekuwa nyeusi. Nimemaliza piriton na tyubu za kila aina. (Msomaji, Mombasa)

Asante kwa kueleza vizuri. Maelezo yako yamefanya nusu ya kazi. Muwasho wa mahali pamoja, upande mmoja, karibu na ukingo wa mfupa wa bega, usio na upele isipokuwa weusi unaotokana na kujikuna, mara nyingi chanzo chake ni neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Neva hizo hupita katikati ya misuli ya mgongo kabla ya kufika kwenye ngozi, na zinaweza kubanwa njiani. Ngozi inapokea lawama isiyo yake.

Ndiyo maana piriton haikusaidia. Piriton huzuia histamini, ile kemikali ya mzio, na muwasho wako hautokani na histamini. Ilichofanya ni kukulaza usingizi.

Tyubu ndizo zinazonikasirisha. Zile za mchanganyiko, zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibaiotiki humo humo, zinauzwa kama sabuni. Ukipaka kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka michirizi isiyofutika, na kama kulikuwa na fangasi hujificha na kusambaa. Achana nazo.

Kinachosaidia wengi ni krimu ya kapsaisini, ile kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Hupakwa mara kadhaa kwa siku kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo inaunguza, kisha neva inachoka kupiga kelele. Nawa mikono kabla ya kugusa macho. Msiniandikie kuuliza kama mnaweza kusaga pilipili ya sokoni: mtaunguza ngozi. Wengine hupata nafuu kwa krimu ya lidokeini, au mazoezi ya mgongo na mabega kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na ikishindikana gabapentini, dawa ya kumeza ya kutuliza neva, ambayo dozi yake hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu.

Kama muwasho uko mikononi, kuanzia kiwiko, unazidi juani na unatulia kwa barafu, mwambie daktari achunguze shingo.

Mwili mzima unawasha, zaidi usiku. Ni neva?

Sidhani. Anza na upele wa kuambukiza: kagua katikati ya vidole, viwiko, kiunoni, na uulize kama wengine nyumbani wanajikuna. Kama ndio, nyote mnatibiwa siku moja, pamoja na kufua nguo na mashuka. Kama ngozi ni safi kabisa, pima figo, ini na damu.

Nilipata mkanda wa jeshi mwanzoni mwa mwaka. Vidonda vilikauka, lakini hata shati likinigusa naumia. Jirani anasema mkanda haujaisha, umeingia ndani. (Msomaji, Tabora)

Mkanda umeisha, neva ndiyo iliyobaki na jeraha. Virusi ni vile vile vya tetekuwanga, hulala kwenye mizizi ya neva kwa miaka na kuamka kinga ikishuka. Maumivu yakipita miezi mitatu baada ya vidonda yana jina lake na tiba yake: amitriptilini, gabapentini au pregabalini, na lidokeini ya kupaka kwenye ngozi iliyopona. Kama hukupima VVU wakati ule, kapime.

Kwa wengine mnaosoma: asiklovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Watu hupoteza saa hizo wakipaka majivu na kungoja kuona kama mkanda utazunguka mwili ukutane. Na malengelenge yakitokea usoni, hasa kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini: hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari kaniandikia amitriptilini kwa ajili ya miguu. Dukani wameniambia ni dawa ya wagonjwa wa akili. Nimeitupa. (Msomaji, Kisumu)

Umetupa dawa nzuri na ya bei nafuu kwa neno la muuza duka. Amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, kweli. Kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, hupunguza ishara za maumivu zinazopanda kutoka kwenye neva. Hujapewa kwa sababu yeyote anadhani umerukwa na akili, na hata aliyepewa kwa sonona hana cha kuonea aibu.

Ipe wiki mbili hadi nne. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, asubuhi utaamka mzito. Meza mapema jioni. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, au kwa wanaume tezi dume inayozuia mkojo. Usichanganye na pombe wala tramado. Na usiache ghafla baada ya kutumia muda mrefu.

Natumia dawa za TB, vidole vimeanza kuchomachoma. Niache?

Usiache. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo za TB, hunyang'anya mwili vitamini B6. Uliza kliniki kama unapewa piridoksini, yaani vidonge vya B6 hiyo, na uende kabla ya tarehe yako ili waongeze. Hapa ndipo vitamini B ina kazi ya kweli.

Nina baka jeupe kwenye mkono, haliwashi, haliumi, hata nikijifinya sihisi. Kidole kidogo kimeanza kukunjika. Kwa kuwa haliumi nimeona si haraka. (Msomaji, Kilombero)

Ni haraka kuliko wote walioandika hapo juu. Baka lisilohisi ni ukoma hadi ithibitishwe vinginevyo, na kidole kinachokunjika kinaonyesha neva ya kiwikoni imeanza kuumia. Ukoma upo bado, unatibika, na dawa zake ni bure: miezi 6 au 12. Neva iliyodhoofika ndani ya miezi sita iliyopita mara nyingi huokolewa kwa prednisoloni. Ikizidi hapo nafasi hupungua sana. Nenda kituo cha afya wiki hii, mwonyeshe mganga baka na kidole vyote viwili, na unaoishi nao nyumba moja wakaguliwe ngozi.