Jibu: Bili ya maji imepanda ilhali mfereji ni mkavu
Salamu, ndugu. Umeuliza kwa nini bili yako huko Kisauni imepanda mara tatu ilhali maji hufika siku mbili tu kwa wiki. Kwanza linganisha namba ya mita na iliyochapishwa kwenye bili. Namba ya bili yangu ilipozidi ya mita, nilitambua kwamba msomaji wa mita hakufika langoni, alikadiria tu. Namba zikilingana, subiri siku ya maji, tangi likishajaa funga mifereji yote, kisha tazama kigurudumu cha mita: kikizunguka, pana mahali panapovuja, nami nilikuta ni boya la tangi la darini. Yuniti moja kwenye bili ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Iandikie kampuni ya maji barua yenye picha ya mita, udai nakala iliyopigwa muhuri. Maneno ya kaunta hayakunifaa kitu.